Vidonge Visivyo na Alama

Kerrow alimsoma ngamia kwa kiganja kabla ya kumtazama kwa macho. Wanunuzi waliofika soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano, wengi wao wakitafuta wanyama wa kuchinjwa Nairobi na Mombasa, walitazama nundu na mapaja. Yeye alianzia shavuni, akapitisha mkono shingoni, akashuka begani taratibu, mpaka vidole vyake vikutane na kovu la moto. Hapo alisimama. Kovu lile ni alama ya ukoo, iliyochomwa kwa chuma mnyama angali mdogo, na kila ukoo kuanzia Mandera hadi Ijara una ya kwake. Kerrow alizijua zaidi ya mia. Akishaitambua alama alimwuliza muuzaji swali moja tu: "Umempataje?" Jibu likimridhisha, alisimama mbele ya watu kuwa mdhamini, na biashara ikaendelea. Lisipomridhisha, aliirudisha kamba mkononi mwa aliyeileta, akaenda kunywa chai.

Kazi hiyo huitwa udalali, ingawa neno lenyewe ni dogo kwa mambo aliyoyabeba. Katika soko letu mnyama habadili mkono bila mtu wa kusimama na kusema kwamba huyu si wa wizi wala si mpotevu. Mdhamini akikosea hulipa yeye, na baada ya kulipa hakuna anayemwita tena. Kerrow alidhamini kwa miaka thelathini na mmoja. Sikuwahi kusikia kwamba alilipa.

Nilimfahamu kama jirani. Nyumba yake katika mtaa wa Galbet na msikiti ninaposomesha vimetenganishwa na uchochoro mmoja, na katika sala ya alfajiri alizoea kusimama safu ya pili, nyuma ya nguzo, "ili nikisinzia, nisinzie kwa siri," kama alivyoniambia. Alizaliwa Griftu, Wajir Magharibi, akaja Garissa akiwa kijana, baada ya ukame kuwamaliza mifugo wa baba yake. Shule hakwenda. Aliweza kuandika jina lake na kuichora alama ya ukoo wao, na zaidi ya hapo kalamu ilikuwa mgeni mkononi mwake. Alioa, akafiwa na mkewe mapema, akabaki na binti mmoja, Ruweyda, ambaye alimsomesha kwa jasho la soko mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Kuna kisa kimoja ambacho watu walikisimulia kila alipotajwa, nami sina budi kukieleza, kwa kuwa yote yaliyofuata yametoka humo. Miaka mingi iliyopita alikwenda Kotile kwa biashara, akamkuta ngamia jike akilisha kandokando ya kundi la watu wengine. Wachungaji wakamwambia kwamba mnyama yule amekuwa pale miaka tisa, amezaa mara tatu, na hawamjui mwenyewe. Kerrow alipitisha kiganja begani pake. Alama ilikuwa ya watu wa Wajir Magharibi, majirani wa wazazi wake.

"Mwenyewe yupo," akawaambia.

"Baada ya miaka tisa? Huenda amekufa."

"Akifa yeye, wanawe wapo. Wakifa wanawe, wajukuu wapo."

Hawakubishana naye, maana hilo ndilo tulijualo sote huku. Alama iliyochomwa haina siku ya kwisha. Akamswaga yule ngamia na ndama wake kwa miguu hadi Garissa, mwendo wa siku nne. Siku ya pili maji yalimwishia. Ngamia alikuwa ananyonyesha, kiwele kimejaa, ndama akinyonya na kuacha, na Kerrow hakukamua hata tone. Alifika midomo imepasuka. Alimfunga mnyama kwanza, ndipo akaomba maji.

Kulow, dalali mwenzake na mtani wake wa siku zote, alimsubiri mpaka amalize kunywa, akasema mbele ya banda la chai, "Kerrow, wewe siku moja utakufa na kiu umeshika kiwele."

"Kiwele cha nani?"

"Cha ngamia, ndugu yangu. Ulitaka kiwe cha gari?"

"Nimekuuliza cha nani."

Watu wakacheka, na swali hilo likageuka mzaha wa soko. Mtu akigusa kikombe cha mwenziwe alisikia sauti nyuma yake ikiuliza, "Cha nani?"

Warithi walikuja kutoka Griftu wakamchukua mnyama wao, mmoja wao akilia kwa kumkumbuka baba yake. Ijumaa iliyofuata nilimsifu Kerrow juu ya mimbari. Sikumtaja kwa jina, lakini hakuna aliyekosa kujua. Nilisema kwamba amana hubebwa namna ile. Sikusema, ingawa nililijua tangu ujana wangu nilipokuwa nikisoma mlango wa vyakula katika vitabu vya fiqhi, kwamba sheria humruhusu anayechelea kuangamia kwa kiu ayanywe maziwa ya mwenziwe kisha amlipe. Niliona kwamba kulisema kungeharibu uzuri wa kisa.

Maradhi yalimjia miaka minane iliyopita. Alianza kuchoka mchana, akitoka jasho usiku, na chini ya mbavu za kushoto akahisi kitu kizito, kama mtu aliyeshiba upande mmoja. Madaktari wa Nairobi walimwambia kwamba ana saratani ya damu, ile inayotembea polepole. Zamani jina hilo peke yake lilikuwa safari ya kaburini. Lakini ilikuwa imekwisha kupatikana dawa, kidonge kimoja kila siku, ambacho humweka mgonjwa katika afya miaka na miaka maadamu hakiachi. Kopo la mwezi mmoja lilikuwa na bei ya ngamia jike mwenye mimba, na hakuna dalali awezaye kuuza ngamia wake mwenyewe kila mwezi. Kampuni iliyoivumbua ilikuwa na mpango wa kuwapa bure wagonjwa wasio na uwezo, kupitia hospitali moja kule Nairobi, na Kerrow akaingizwa katika orodha hiyo.

Kwa miaka sita alikwenda Nairobi kila baada ya miezi mitatu, akapimwa damu na kurudi na makopo yake. Kidonge kilikuwa cha rangi ya kutu, na upande mmoja kilichongwa herufi mbili. Kusoma hajui, lakini kila asubuhi alizipapasa zile herufi kwa kidole gumba kabla ya kumeza. "Hii ni alama ya mwenyewe," alimwambia binti yake. "Amenipa kwa mkono wake." Katika dua zake baada ya sala, nilimsikia zaidi ya mara moja akiwaombea heri watu wa nchi ya mbali asiowajua kwa sura wala kwa majina. Alinawiri. Alirudi sokoni, akaendelea kudhamini na kutaniwa.

Kisha mpango ule ukabadilishwa. Wagonjwa wa mbali walielekezwa kwenye vituo vya karibu na kwao, na dawa waliyopewa huko haikuwa tena ya kampuni ile, bali ile waiitayo jeneriki: dawa hiyohiyo, yenye nguvu ileile, iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Kerrow alikwenda kuchukua yake katika kituo kimoja hapa mjini. Aliyekuwa dirishani ni Najib, kijana mtaratibu aliyekulia Nairobi, ambaye Kisomali chake kilikuwa kizito, hivyo wakazungumza Kiswahili. Mazungumzo haya alinisimulia Najib mwenyewe, na hakujaribu kujipunguzia lawama.

"Hii si dawa yangu," Kerrow alisema, akikigeuzageuza kidonge cha manjano kilicho laini pande zote mbili.

"Ni yako, mzee. Ni ileile. Hii ni jeneriki."

"Alama iko wapi?"

"Alama gani tena?"

Kerrow alifungua kitambaa akamwonyesha kidonge kimoja cha zamani kilichobaki. "Hii iko na alama. Hiyo yako haina."

"Ahaa. Hiyo ni ya wale wenye dawa. Hawa wameinakili tu."

"Mwenyewe alitoa ruhusa?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama watu zaidi ya ishirini. Najib alicheka. "Mzee, umepewa bure. Meza. Kama kuna wizi, mwizi ni wao, si wewe."

"Sasa mimi ni nani? Mimi ni mnunuzi ya mnyama ya wizi?"

"Leo umekuja na ngamia pia?" Najib alisema, akamwita aliyefuata.

Najib alijua ukweli wa jambo lile. Angeweza kumweleza kwa dakika mbili. Aliniambia kwamba aliona maelezo ni marefu na mzaha ni mfupi.

Siku hiyohiyo, baada ya sala ya alasiri, Kerrow alinijia msikitini nikiwa nimeegemea ukuta na kitabu mapajani. Alikaa kwa adabu, magoti pamoja.

"Sheikh, nina swali."

"Uliza, Kerrow."

"Mtu ana ngamia mwenye alama yake. Akatokea mwingine, akamchukua bila ruhusa, akapata kwake ndama anayefanana na mama kama maji na maji. Akamlea mbali, wala hakumchoma alama. Ndama amekua, na huyo mtu anagawa maziwa yake. Anagawa bure, hamwombi mtu kitu. Maziwa hayo ni halali?"

Nalikiri hili kwa uchungu: swali lilinifurahisha. Lilikuwa safi, limepangika, kama yale tuliyokuwa tukipewa na walimu wetu kupimwa akili. Nilimjibu kwamba aliyezaliwa na mnyama aliyeporwa ni wa mwenye mama, na maziwa hufuata mwili yalimotoka.

"Hata kama anayekunywa hakupora yeye?"

"Akiwa anajua, asinywe mpaka mwenyewe aruhusu."

"Hata kama anayahitaji sana hayo maziwa, Sheikh?"

Nilidhani anatania. Nilikumbuka safari ya Kotile na kiwele kilichojaa, nikatabasamu. "Wewe ndiye unaniuliza hilo?"

Naye akatabasamu. "Nilijua hivyo. Mungu akulipe," akasema, akaondoka.

Msomaji asiye wa huku atashangaa kwa nini sikumwuliza swali lile linamhusu nani. Desturi yetu haituruhusu. Mtu mwenye aibu, au mwenye hofu, huifunika haja yake kwa mnyama, akamweka ngamia mbele kama pazia, na aliyeulizwa hujibu juu ya ngamia. Kulivuta pazia hilo ni kumvua mtu nguo. Nimeishi na desturi hii zaidi ya miaka sabini, na nimewaona wengi wakipata faraja ndani yake.

Kerrow hakuviacha vile vidonge pale kituoni. Alikuwa mtu wa amana, na kwake vilikuwa wapotevu waliomwangukia mikononi. Kila asubuhi alichukua maji, akaingia chumbani mwake, akatoa kidonge kimoja katika pakiti na kukitia ndani ya kopo la maziwa ya unga alimowekea vyeti vyake. Ruweyda aliona pakiti zinakwisha, akaamini zimemezwa.

Kisha alifanya lile ambalo mtu wetu hufanya akimpata mnyama wa watu: alimtangazia mwenyewe. Alimwita binti yake akamwambia achukue karatasi.

"Tunamwandikia nani, Aabo?"

"Wenye dawa."

"Aabo, hao ni kampuni. Kampuni haijibu watu."

"Mwenye mnyama hujibu. Andika."

Ruweyda alicheka, akaandika. Baadaye alinionyesha nakala aliyobaki nayo. Kerrow alijitambulisha kwa jina, kwa baba na kwa mji. Alisema kwamba kwa miaka sita amemeza dawa yao na anawashukuru, na sasa amepewa nyingine inayofanana na yao isiyo na alama, na watu wamesema imechukuliwa bila wao. "Nawauliza kama mnaniruhusu kuitumia. Mkikataa sitaitumia, na nitawawekea mpaka mje." Ruweyda aliitafsiri kwa Kiingereza akilainisha hapa na pale, lile neno "mpaka mje" aliliacha nje, akiliona la ajabu. Chini yake Kerrow alitia sahihi, na kando ya sahihi akachora alama ya ukoo wake. Waliipeleka posta, na anwani ya kujibiwa ikawa sanduku la shule anakofundisha Ruweyda, kwa kuwa wao hawakuwa na sanduku.

Binti aliyaona hayo yote kuwa ni uchamungu wa baba yake, jambo la kumsimulia mtu na kutabasamu. Hakujua kwamba jibu la barua ile ndilo lililoshikilia uhai wa baba yake.

Kerrow akangoja. Jumatano baada ya Jumatano alikwenda sokoni, na kila alipoona gari geni likisimama langoni aliinua kichwa. Hakumwuliza Ruweyda habari za posta hata mara moja. Katika maisha yake yote, mwenye mnyama aliyepotea hakuwahi kutuma karatasi. Alifunga safari akaja mwenyewe, akaipapasa alama, akasema neno. Kerrow alikuwa akimngoja mtu. Safari yake ya Nairobi ya kupimwa damu aliiahirisha, kisha akaiahirisha tena, akisema kwamba jua ni kali.

Mwezi wa tano tangu aache dawa alianguka sokoni, mkono wake ungali begani mwa ngamia aliyekuwa akimsoma. Kulow ndiye aliyembeba. Hospitalini Daktari Ilhan, mama wa makamo aliyemjua tangu mwanzo wa maradhi yake, alitazama vipimo vya damu na kumtazama mgonjwa.

"Mzee Kerrow, umekuwa ukimeza dawa zako?"

"Nimezihifadhi."

"Unamhifadhia nani?"

"Mwenyewe."

Ruweyda alikimbia nyumbani kutafuta kitambulisho cha baba yake, akalifungua lile kopo. Lilikuwa limejaa mpaka juu. Aliniambia kwamba alikaa sakafuni nalo mapajani, wala hakukumbuka alichokuwa amekuja kukitafuta.

Nilipoitwa nilikuta daktari amesimama mlangoni. Alizungumza nami kwa heshima, lakini hakunilainishia maneno. "Sheikh, anasema wewe ndiye uliyemwambia asinywe."

"Aliniuliza juu ya maziwa ya ngamia," nikasema. Nikalisikia jibu langu jinsi lilivyokuwa.

Ndipo akanieleza, nami naliandika hapa kwa kuwa wengi wetu hatulijui. Anayevumbua dawa huomba serikali impe haki iitwayo hataza, asije mwingine akaitengeneza bila idhini yake. Hupewa haki hiyo kwa muda unaojulikana, miaka ishirini tangu siku aliyoomba, na kwa malipo yake hulazimika kuieleza wazi dawa yake inavyotengenezwa. Muda ukiisha, haki imekwisha. Kiwanda chochote chenye ujuzi huweza kuitengeneza, na hapo ndipo bei hushuka hata maskini akaifikia. Hataza ya dawa ya Kerrow ilikuwa imekwisha zamani, kabla hajabadilishiwa vidonge. Hapakuwa na wizi wala mwizi. Ndama yule hakuporwa.

Niliingia nikakaa kitandani pake. Alikuwa amekonda kiasi kwamba pete ilikuwa ikimzunguka kidoleni. Nilimrudia maneno ya daktari, neno kwa neno.

"Alama inakwisha?" akauliza.

"Hii inakwisha."

"Nani ameimaliza? Mwenyewe amekufa?"

"Hajafa. Siku alipoiomba alikubali mwisho wake."

Aliinua macho akatazama dari. "Kwa hiyo alimwachilia tangu siku aliyomchoma," akasema.

"Naam."

"Hayo umeambiwa na yeye?"

"Nimeambiwa na daktari."

"Daktari ni jirani, Sheikh. Jirani akisema mnyama ameachiliwa, hatumwamini mpaka aseme mwenyewe."

Nikamshika mkono. "Kerrow, sikiliza. Hata kama ingekuwa ya wizi. Hata kama hapakuwa na ruhusa. Mwenye kuogopa kufa huruhusiwa hata mzoga. Ungeniambia kwamba ni dawa, kwamba ni uhai wako, ningekwambia umeze pale pale."

Alinigeukia. Sikuona hasira usoni pake, na laiti ningeiona. "Basi mimi niliuliza vibaya."

"Hapana. Mimi nilijibu haraka."

"Na ile ya Kotile?" akauliza. "Ningeweza kunywa?"

"Ungeweza."

"Ukanisifu juu ya mimbari."

Alikubali kuanza tena dawa jioni ile, "kwa amri yako, Sheikh," akasema, "moyo wangu bado unangoja."

Kulow alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia ya kumezea kidonge, akammiminia kikombe. Kerrow alikitazama kikombe, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona ule utani wa soko ukipita machoni pake.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya ngamia wangu," Kulow akajibu. "Alama yangu, begani, mkono wa kulia. Mimi mwenyewe nimesimama hapa, na nimekuruhusu. Kunywa, Kerrow." Kisha akatoka nje.

Alikunywa. Lakini maradhi hayakungoja. Daktari Ilhan alituambia kwamba saratani ile, ikiachwa bila dawa, mara nyingine hugeuka, ile ya polepole ikawa ya mbio, na ikishageuka vidonge vile haviwezi kuirudisha. Ya Kerrow ilikuwa imegeuka.

Siku ya kumi na moja tangu alazwe, Issack, karani wa shule ya Ruweyda, alileta kifurushi cha barua. Watu siku hizi huandikiana kwa simu, na sanduku la posta la shule alikuwa akilifungua mara moja kwa muhula, pengine asilifungue kabisa. Kati ya bili na matangazo kulikuwa na bahasha ya ng'ambo. Ruweyda aliisoma kwanza akiwa amesimama ukumbini, kisha akaja akamsomea baba yake kwa Kisomali, polepole, bila kuacha neno.

Ilikuwa barua fupi na ya adabu. Ilimshukuru kwa uaminifu wake. Ilisema kwamba hataza ya dawa hiyo imekwisha muda wake nchini kwake, kwamba wengine wanaruhusiwa kuitengeneza, na kwamba hahitaji idhini ya kampuni ili kuitumia. Mwisho iliandikwa: "Tunakuomba sana usiache matibabu wakati ukisubiri jibu letu."

Kerrow alifumba macho. "Wameandika lini?"

Ruweyda alitazama tarehe. Ilikuwa wiki tano tu baada ya barua yao. Jibu lilikuwa limelala ndani ya sanduku lile, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwao, zaidi ya miezi mitatu. Angeweza kusema uongo. Ni binti wa Kerrow, akasema kweli.

"Aabo, sikwenda kuangalia. Nilidhani hawatajibu."

"Nami sikukuambia uangalie. Nilidhani watakuja." Akaunyoosha mkono, akaiomba ile karatasi. Alipitisha kiganja juu yake kutoka juu hadi chini, kama alivyozoea, mpaka kidole gumba kikakutana na nembo ya kampuni iliyobonyezwa pembeni. Hapo kikasimama. "Ndiye," akasema. "Wema hawa. Wamejibu."

Alifariki Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyesimamia kuoshwa kwake na kumsalia. Jumatano sokoni hakuna dalali aliyedhamini mnyama mpaka alasiri, na wanunuzi kutoka mbali hawakuelewa ni kwa nini wanarudishiwa kamba. Ruweyda alilipeleka lile kopo kituoni ili vidonge wapewe wengine. Najib akamwambia, huku akishindwa kumtazama, kwamba dawa iliyokwisha kutoka dirishani haipokelewi tena. Akarudi nalo nyumbani.

Tangu siku zile nimeshindwa kujibu kama nilivyokuwa nikijibu. Wiki iliyopita Alio, mfugaji mmoja, alinijia baada ya alasiri, akakaa pale alipoketi Kerrow siku ile, akaniuliza habari ya mbuzi wa jirani aliyeingia zizini mwake akazaa humo. Niliweka kitabu chini nikamwuliza, "Nyumbani kwako nani mgonjwa?"

Alinitazama kwa mshangao. "Hakuna mgonjwa, Sheikh."

"Una hakika? Wewe mwenyewe mzima? Watoto?"

"Wote wazima. Sheikh, ni mbuzi tu."

Sikumwamini, nikamwuliza mara ya tatu. Alisimama akakung'uta kanzu yake, uso umejaa haya ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu, akaondoka bila jibu lake.